Mkono Wako Si Mzito, Ni Piki Yako

Wasee, leo naongelea piki. Si ile ya kukukimbiza Junction ukichelewa, hiyo ni nduthi. Nasema kile kiplastiki cha pembe tatu cha kupigia gita, kile kinapotea kila siku, kile kikianguka ndani ya tundu unageuza gita juu chini na kuitikisa kama mtoto anatafuta shilingi kwa kibubu. Hicho. Kuna watu wananiambia hapo hakuna story. Piki ni piki, wanasema, shida ni mkono. Hiyo kauli nimekuja kuipinga, kwa sababu imetuibia wapiga gita, na mmoja wao nilimfukuza mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na bendi ya vijana kanisani, Kawangware, upande wa 56. Gita mbili, kibodi yenye vibonye vitatu vimekufa, na seti ya ngoma ambayo ilikuwa inashikiliwa na kamba ya manila. Dada mmoja, wakati huo akiwa fom thrii, alitaka kujifunza rithimu. Sikio alikuwa nalo, hata mashairi ya pambio alikuwa akiyashika mara moja. Lakini akipiga nyuzi, juu ya wimbo kulikuwa na sauti nyingine, kwacha kwacha kwacha, kama mtu anafagia kapeti na ufagio mgumu. Kiongozi wa bendi akamwambia, "Mkono wako ni mzito." Akamwambia tena Jumapili iliyofuata. Na mimi niliyekuwa kwa solo, nikijiona nimefika, nikaongeza yangu: "Si ujaribu tu kuimba?"

Baada ya wiki mbili alirudisha gita. Alikuwa ameipanguza vizuri, na ile piki ameichomeka katikati ya nyuzi karibu na kichwa cha gita. Hakurudi mazoezini.

Mimi nilibaki na hiyo piki. Siku moja nikapoteza yangu, nikaokota ile yake nikaanza kupiga. Kwacha kwacha kwacha. Kwa mkono wangu mimi, ule ambao hakuna mtu aliwahi kuuita mzito.

Piki yenyewe ilikuwa ile ya bure, inayokuja ndani ya begi ukinunua gita ya bei ya chini. Nyembamba hivi kwamba ukipuliza inacheza. Sasa sikilizeni kile kinatokea, kwa sababu hii si maoni, ni mambo ya kawaida ya vitu vinavyopinda. Piki nyembamba ikigusa uzi, inapinda kwanza. Uzi unaondoka ikishachelewa, na piki yenyewe inarudi kwa nguvu ikipiga kofi uzi unaofuata. Kwa hivyo unachosikia ni gita pamoja na plastiki inayopigapiga. Ukiongeza nguvu ili gita isikike juu ya ngoma, unachoongeza ni plastiki. Ndiyo maana yule dada alivyoambiwa "piga kwa bidii" ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Tulikuwa tunamwambia atibu ugonjwa kwa kula sumu zaidi.

Piki nene ni kinyume chake. Kuanzia milimita moja kwenda juu haipindi, uzi unaondoka pale pale unapotaka uondoke, noti inakuwa na mwili. Ukipenda solo ya benga au ya rumba, zile noti zinazotoka moja moja kama mvua ya mawe juu ya mabati, huwezi kuzifukuza na kitu kinachopepea. Lakini usichukue hiyo hiyo nene ukapige rithimu kwa gita ambayo nyuzi zake ziko juu kama laini ya umeme. Itanasa kila uzi kama koti kwenye seng'enge. Kwa anayeanza, hasa kwa gita zetu hizi za kuazimana, mahali pa kuanzia ni katikati, kati ya 0.7 na 0.9.

Mkidhani nacheza na desimali, angalieni kampuni ya Dunlop. Tangu 1981 wanauza piki zao za Tortex kwa rangi, kila rangi na unene wake. Nyekundu ni 0.50, ya chungwa 0.60, ya njano 0.73, ya kijani 0.88, ya bluu 1.0, ya zambarau 1.14. Kutoka nyekundu mpaka kijani hata nusu milimita haijafika, na bado mtu akibadilisha hizo mbili ukiwa umefumba macho utajua. Sasa wewe kiongozi wa bendi ambaye hujui kama piki ya mwanafunzi wako ni 0.4 au 1.0, umepimaje uzito wa mkono wake?

Kuna wale wengine nao, wa upande wa pili. Hawa wanakubali piki ni muhimu, lakini kwao dawa ni moja: nenda tao ununue ile original ya bei, ile anatumia fulani wa Marekani. Mimi nilishaingia huo mtego. Niliruka lanchi siku tatu nikanunua moja, nzuri kweli, siwezi kudanganya. Ilikaa na mimi siku nne. Nadhani iko mahali fulani ndani ya matatu ya 46, chini ya kiti, inastarehe.

Lakini si kupotea kulikoniudhi. Kilichoniudhi ni kwamba piki ya bei ikija na kona isiyokufaa, umekwama nayo. Hakuna kiwanda kinachojua kucha zako, nyuzi zako, jasho lako. Wapigaji wazuri niliowahi kuwaona karibu, Kibera na Kawangware zote, hakuna hata mmoja alikuwa na piki kama ilivyotoka dukani. Wameiparura, wameikata, wameinoa. Mmoja wa Makina amegundisha duara la blada ya baiskeli pande zote mbili ili isiteleze akitoka jasho. Mwingine ametoboa shimo katikati na msumari wa moto, nyama ya kidole inaingia kidogo hapo, piki haizunguki. Hizo si mbinu za watu waliokosa.

Na ukisema ni za watu waliokosa, nakuuliza: Brian May wa Queen alikosa nini? Huyo mzee amejaza viwanja, ana shahada ya udaktari ya mambo ya nyota, na anapiga gita kwa sarafu ya zamani ya Uingereza, ile ya peni sita. Sarafu! Hakuna mtu amemwambia anaaibisha muziki. Lakini kijana wa Gatwekera akikata kadi ya laini ya simu apigie, anachekwa. (Mimi nilijaribu na shilingi tano yetu. Uzi ulilia kama paka amekanyagwa. Sitarudia, lakini angalau nilijaribu.)

Hebu tukae kwa hiyo kadi kidogo. Ukinunua laini, ile kadi kubwa unayovunjia laini ndani yake ukaitupa, unene wake ni 0.76, kipimo kile kile cha kadi za benki dunia nzima. Soma tena zile rangi za Dunlop hapo juu. Kile unatupa kwa mtaro kina unene wa piki ya katikati, ile ya njano na nywele kidogo juu yake! Yule dada angekata moja kwa makasi siku ile ile ya kwanza, angesikia tofauti kabla wimbo haujafika kiitikio. Sitawadanganya kwamba ni kitu ya kudumu. Plastiki ya kadi ni laini, ncha inalika haraka, na toni yake ni nzito kidogo, haina ule ung'aavu wa nailoni au seluloidi. Lakini inakuambia kama unene huo unakufaa, kabla hujatoa hata shilingi. Ila kitambulisho wacheni. Najua kuna mtu ameshakiangalia.

Ukishapata unene, kazi halisi ni ncha. Chukua msasa, ule wa namba ya juu wa kumalizia mbao, si ule wa kukwaruza rangi ya ukuta. Ncha kali inatoa sauti kali, inayong'aa, na inaacha uzi haraka. Ncha ya mviringo inatoa sauti tamu na nene, kama mtu anaongea akiwa ameshiba. Kama unapenda hiyo ya pili huhitaji hata kunoa, geuza tu piki upigie lile bega lake. Halafu kuna ule ukingo, na hapa ndipo wengi hawafiki. Piki mpya ukingo wake uko wima kama ubao. Ukilaza ukingo kidogo kwa msasa, upande ule tu unaogusa uzi, na kumbuka wewe hupigi ukiwa umenyooka, unapiga kwa mshazari, basi uzi unateleza badala ya kukwaruzwa. Malizia kwa kuisugua kwa jinsi mpaka ing'ae. Mikwaruzo ukiiacha kwa ukingo utaisikia yote kwa spika, hasa nyuzi nene zile zilizozungushiwa waya. Ikilika upande mmoja, usilie, ina kona tatu.

Kazi yote ni dakika kumi, na msasa wa kipande unapewa na fundi yeyote wa viti kando ya Ngong Road ukiomba na adabu.

Sasa kuna kundi la tatu, na hawa ndio wananiumiza kichwa zaidi kwa sababu nawaheshimu. Wanasema Mwafrika wa kweli hapigi na piki, piki ni ya mzungu, sisi ni vidole. Wanataja wazee. Na kweli, wazee walikuwa moto. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi 1952, alikuwa anafanya na kidole gumba na cha shahada kitu ambacho leo watu wawili wenye gita mbili wanapambana nacho. George Mukabi, wetu wa magharibi, aliyeaga 1963, alipiga kwa mtindo huo huo wa vidole viwili, mtu kando akikwaruza chupa ya Fanta. Franco naye hakuhitaji piki. Kuna mzee Kawangware huwa anapiga omutibo jioni nje ya kinyozi, na ukimsikiliza unataka kwenda nyumbani ukachome gita yako.

Lakini nilimwangalia huyo mzee mkono. Kucha ya gumba ameiacha ndefu, ameikata kwa mshazari, na kabla ya kupiga aliisugua kwa ukuta wa kinyozi mara tatu, nne. Nikamuuliza, "Guka, kwa nini?" (Si Mkikuyu, lakini alijibu.) Akasema, "Ikiwa mbaya, gita inakohoa." Huyo mzee ana piki. Imeota tu mwilini mwake, na anainoa.

Na hii habari ya piki kuwa ya mzungu, nendeni Mombasa, Lamu, Unguja mkaseme hivyo mbele ya mpiga udi. Watakuonyesha risha. Neno lenyewe ni la Kiarabu, maana yake unyoya, kwa sababu zamani udi ulipigwa kwa shina la unyoya wa tai. Mpiga kanuni wa taarabu anavaa zake kwa pete kwenye vidole. Waswahili walikuwa wanabishana kuhusu ncha na ugumu wa risha kabla gita hazijaanza kuuzwa Nairobi. Kuchagua piki ni jambo la kwetu kabisa, sisi ndio tumesahau.

Pwani hiyo hiyo iko na upande wake mbaya. Kuna mabrazaa wa gia watakuambia kwa sauti ya chini kwamba toni bora duniani ilikuwa ya gamba la kasa. Walikuwa wanasema ng'amba, yule kasa wa baharini mwenye gamba la madoadoa, huyo huyo anayeogelea kwenye maji yetu. Aliuawa sana, kwa vitana, kwa fremu za miwani, na kwa piki. Mwaka 1922 huko New York, Luigi D'Andrea alianza kukata piki za seluloidi, na ndiyo maana mpaka leo piki nyingi za plastiki zina yale madoa ya kahawia: zinaiga kasa. Baadaye ukaja mkataba wa CITES wa 1973, na biashara ya ng'amba kati ya nchi na nchi ikapigwa marufuku. Ukiona mtu anauza ya kweli, usinunue, na usimwonee wivu.

Kwa nini gamba lilipendwa? Kwa sababu ni keratini. Kitu kile kile cha kucha ya yule mzee wa omutibo. Na kile kile cha pembe la ng'ombe.

Hapo ndipo nilisimama nikacheka peke yangu barabarani. Kwa sababu machinjio ya Dagoretti yako hapo tu, ukitoka Kawangware hata huhitaji nauli kama una miguu. Na Kibera kuna mafundi ambao kwa miaka mingi wanachukua mifupa na pembe za ng'ombe wanazichonga hereni, bangili, vijiko, vifungo. Zinauzwa kwa watalii, zinavuka mpaka Ulaya na Marekani. Halafu sisi tunaagiza plastiki kutoka huko huko.

Nilienda kwa fundi mmoja. Nikamwonyesha piki yangu ya nailoni. Akaigeuza, akaiuma kidogo kwa meno, akaniuliza, "Kijana, hii ni hereni ya upande mmoja?" Nikamwelezea. Akachukua kipande cha pembe, akakipasha moto mpaka kikalegea, akakibana katikati ya vyuma viwili kikanyooka. Akakata kwa msumeno mdogo, akapitisha tupa, kisha msasa. Harufu ni ya nywele zilizoungua, na vumbi lake si la kuvuta, yeye alikuwa na barakoa, mimi sikuwa nayo nikakohoa mpaka jioni. Kama utajaribu, vaa.

Tulitengeneza mbili, moja ya pembe na moja ya mfupa. Ya mfupa iliniangusha. Ngumu sana, sauti kama kijiko kwa sufuria, na ncha ikamegeka ndani ya wiki. Mfupa ni mzuri mahali pengine: kile kidaraja cheupe nyuzi zinapopita karibu na kichwa cha gita, kwenye gita za bei mara nyingi huwa ni mfupa wa ng'ombe, na zetu wameweka plastiki yenye uwazi ndani. Hiyo ni vita ya siku nyingine.

Ya pembe, lakini. Manze. Ina uzito, ina joto, na inashika kidole vizuri zaidi jasho likija badala ya kuteleza. Noti inaanza na kamlio kadogo halafu inafunguka. Ina shida zake: ikikauka inaweza kupasuka tabaka tabaka, kwa hivyo naipaka mafuta kidogo, na hakuna mbili zinafanana, ukipoteza moja umepoteza hiyo. Si kila mtu ataipenda. Rafiki yangu wa besi aliijaribu akanirudishia akasema ni kama kupiga na kwato. Sawa. Yeye amechagua.

Fundi aliniuliza swali moja nikikaribia kutoka: "Hii watalii watanunua?" Nikamwambia sijui, lakini hapa mtaani kuna vijana wengi wenye gita. Akanyamaza. Miaka yote hiyo anachonga, hakuna mtu wa mtaa wake alikuwa amemwomba kitu.

Najua kuna mtu tayari anaandika kwamba piki haitamfanya mtu Franco. Hakuna mahali nimesema hivyo. Mazoezi ni mazoezi, na kuna mikono imekakamaa kweli, mtu anabana piki kana kwamba ni simu kwa stage ya usiku. Lakini hayo unayajua tu baada ya kuondoa lile lingine. Fundi wa magari akisikia injini inagonga, hakuambii wewe hujui kuendesha kabla hajafungua boneti.

Kwa hivyo viongozi wa bendi, walimu wa muziki wa Jumamosi, mabro mnaofundisha madogo kwa keja: tafuteni kopo la Kimbo. Wekeni humo piki kumi, za unene tofauti, zingine za kadi, zingine mmenoa. Mtoto akianza kutoa kwacha kwacha, mpe kopo. Akishazijaribu zote kumi na bado ni mbaya, basi ongeeni naye kuhusu mkono, na mwongee na heshima.

Yule dada yuko kwa saluni sasa, hapo hapo Kawangware, anasuka. Nilipita wiki jana na piki ya pembe ndani ya kiboksi cha kiberiti. Nilikuwa nimejipangia maneno ya kuomba msamaha, yote yakapotea. Nikamwambia tu, "Ile siku, haikuwa mkono wako. Ilikuwa ile piki. Na mimi nilikosea." Aliishika kwa vidole vyenye mafuta ya nywele, akaiangalia dhidi ya mwanga, akaiweka kwa trei pamoja na vichanuo na rababendi.

"Wewe kaa hapo kwa benchi," akasema. "Wacha nimalize huyu mteja kwanza."